MAMA ANAYENYONYESHA ANAFANYA NINI MAHABUSU KWA KESI YA MATUSI?

SEHEMU YA 1

Wiki hii niliahidi kuendelea na somo letu la kumwanzishia mtoto chakula. Lisubiri. Kuna jambo limenikaba koo tangu Jumatatu na nisipolisema sitalala.

Jumatatu asubuhi nimeingia zamu, hata chai sijanywa, bibi mmoja akaingia na mtoto mgongoni. Mtoto wa miezi mitano. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia sauti haitoki na machozi hakuna. Wale mnaonifuata siku nyingi mnajua hizo dalili, nimeziandika hapa mara ngapi? Mtoto amekaukiwa maji. Namuuliza bibi anaharisha tangu lini, anasema tangu jana asubuhi. Anakula nini? "Nilimpa maziwa ya ng'ombe, mwanangu, na uji mwepesi. Ningefanyaje?"

Mama yake yuko wapi?

Bibi akaangalia chini. "Yuko polisi. Tangu Ijumaa."

Mimi nikajua kuna mtu kauawa au kuna wizi mkubwa. Hapana jamani. Waligombana na jirani bombani, foleni ya maji. Ndoo imesogezwa, mmoja kamwita mwenzie jina baya, mwenzie kajibu, wakashikana kanga, watu wakaamulia. Jirani akaenda kituoni akachukua RB. Ijumaa saa kumi na moja jioni askari wakaja wakamchukua mama mtu. Kosa: lugha ya matusi na kufanya fujo. Ijumaa mpaka Jumatatu, mama anayenyonyesha yuko ndani, mtoto yuko nje anapewa maziwa ya ng'ombe kwenye kikombe cha plastiki.

Nitamwita Mama Neema. Si jina lake. Kituo sikitaji, mtaa siutaji, kwa hiyo msianze kuniuliza kwenye maoni.

SEHEMU YA 2

Wengi mmeandika "nesi, sheria ni sheria, kwani matusi si kosa?" Ni kosa. Nimeuliza kwa watu wanaojua, nimesoma na mwenyewe. Kifungu cha 89 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukimtolea mtu lugha ya matusi kwa namna ambayo inaweza kuleta uvunjifu wa amani, au ukipigana au kufanya fujo kwa namna hiyo hiyo, umetenda kosa na unaweza kufungwa hadi miezi 6.

Someni tena pale katikati. *Kwa namna ambayo inaweza kuleta uvunjifu wa amani.* Sheria haikusema kila tusi. Maneno yale, mahali pale, mbele ya watu wale, yangeweza kuwasha moto? Ndilo swali ambalo mahakama inapaswa kulijibu. Lakini nendeni mkakae asubuhi moja tu kwenye benchi la Mahakama ya Mwanzo yoyote. Mimi nimekaa. Kesi za matusi zinakwenda kama foleni ya kliniki: jina, umri, kabila, dini, unakubali hukubali, lete wadhamini, tarehe nyingine. Nani alisema nini hasa na nani alimwanza mwenzie hayo hayaulizwi siku ile. Mtu anaondoka hajui hata maneno anayodaiwa kuyasema.

Sisemi mahakimu ni watu wabaya. Nawaona wana mafaili mpaka dirishani, kama mimi na wagonjwa hamsini na manesi wawili. Lakini mimi nikichoka nikampa mtoto dozi ya mtu mzima, nitajitetea kwamba foleni ilikuwa ndefu?

SEHEMU YA 3

Hii sehemu ni ya kitabibu, kazi yangu hiyo, kwa hiyo mnivumilie.

Mama anayenyonyesha akitenganishwa na mtoto ghafla, maziwa hayajui kwamba kuna kesi. Yanaendelea kuja. Siku ya kwanza titi linajaa. Usiku linakuwa gumu kama jiwe, likiguswa na nguo tu unaruka. Siku ya pili homa, baridi inatetemesha, sehemu ya titi inakuwa nyekundu na ya moto. Asipopata nafasi ya kukamua na asipopata dawa, linaweza kugeuka jipu la kupasuliwa. Mama Neema alipotolewa Jumatatu mchana alikuja wodini kwetu moja kwa moja kutoka mahakamani, miguu ina vumbi, mbele ya gauni pamelowa na kukauka, pamelowa na kukauka, pamekuwa kama ubao. Joto la mwili 39. Alikuwa anakamulia kwenye sakafu ya mahabusu, kwenye kona, wenzake wamempa mgongo kumsitiri.

Na upande wa pili ni mtoto. Miezi sita ya kwanza ni maziwa ya mama peke yake, hata maji hapana, kila siku naimba wimbo huu. Ukimpa wa miezi mitano maziwa ya ng'ombe na uji kwenye vyombo ambavyo hujui vimeoshwa na maji gani, unamkaribishia kuhara. Bibi hakukosea. Bibi alikuwa na mtoto anayelia na hakuna titi. Waliokosea ni watu wazima waliokuwa na kalamu mkononi Ijumaa jioni na wakaona hili ni jambo la kusubiri Jumatatu.

Mtoto tulimpa ORS na zinki, akawekewa na dripu. Jumanne akaanza kunyonya. Mama akapata antibayotiki, na tukamwambia aendelee kunyonyesha, maana wengi mnadhani titi likiuma ndiyo unaacha. Usiache. Kunyonyesha ndiyo kunalisaidia kupona.

Anapona, asanteni mnaouliza.

SEHEMU YA 4

Sasa tuongee kuhusu ile Ijumaa.

Kuna mchezo unaitwa "kamata Ijumaa". Kila mtu wa mtaani anaujua. Ukitaka kumkomoa mtu, RB unaichukua Jumatano, lakini unaomba akamatwe Ijumaa jioni. Mahakama imefungwa, mkuu wa kituo kaondoka, mpelelezi "yupo kwenye tukio". Mtu atakula siku tatu kabla hajaulizwa chochote. Hukumu imeshatoka hapo, imetolewa na kalenda.

Hiyo sheria hairuhusu. Mtu aliyekamatwa bila hati anatakiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Ikionekana haitawezekana ndani ya muda huo, na kosa lenyewe si kubwa, mkuu wa kituo anatakiwa amwachie kwa dhamana. Ndivyo sheria ya mwenendo wa jinai ilivyo. Matusi ya bombani si kosa kubwa hata mtu akiliangalia kwa darubini. Na dhamana ya polisi haina malipo. Narudia kwa herufi kubwa kwa sababu mama zangu mnauza kuku na simu kwa ajili ya hili: DHAMANA HAINA MALIPO. Imebandikwa hadi ukutani kwenye vituo vingi, halafu chini ya bango hilo hilo unaambiwa "ongea na mzee vizuri".

Katiba yetu nayo, ibara ya 13(6)(b), inakataza kumtendea mshtakiwa kama mtu mwenye hatia kabla haijathibitika. Mtu kaachwa siku tatu bila mtoto wake, titi limepasuka homa, hapo katendewa kama nani?

SEHEMU YA 5

Hii sikutaka kuiandika. Mume wangu kaniambia niache. Naandika.

Mwaka 2019 nilikuwa kwenye hospitali nyingine, wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Baba mmoja mkewe kafanyiwa upasuaji wa kujifungua, yeye anataka kuingia wodini saa saba usiku. Nikamkatalia. Akanitukana. Matusi ya nguoni, mama zangu, mbele ya wagonjwa na yule mwanafunzi wangu wa mafunzo kwa vitendo. Nililia chooni. Asubuhi nikasema huyu hanijui, nikaenda nikachukua RB. Nesi nimevaa sare, nani atanibishia? Wakamfuata siku ile ile, getini alipokuja na chupa ya supu.

Kifungu kile kile, 89.

Alikaa ndani siku mbili, akafikishwa mahakamani, wadhamini hakuwa nao kwa sababu ndugu zake wako mkoani, akapelekwa mahabusu ya gereza kusubiri tarehe. Mimi niliendelea na zamu zangu kifua mbele. Siku ya nne nikamkuta mke wake kitandani, kidonda kibichi, mtoto wa siku nne, anakula mkate mkavu aliopewa na mgonjwa wa kitanda cha pili. Hakuwa na mtu mwingine mjini. Nilikuwa nimemfunga mpishi wake, mfuaji wake na mwenye kulipa dawa zake. Alinisalimia kwa adabu, "shikamoo sista," na hakuwa mdogo kwangu hata kidogo. Hakujua kuwa ni mimi, au alijua, mpaka leo sina jibu.

Nilienda mahakamani nikaomba kesi iondolewe. Inawezekana, mlalamikaji anaweza kuomba kuiondoa na mahakama ikiridhia inaisha. Hakimu akaniuliza swali moja: "Ulikuwa unataka nini hasa?" Nikasema nilitaka aniombe radhi. Akasema, "Ungemwambia." Tukaombana radhi pale pale kwenye korido, dakika tatu.

Kwa hiyo mnaponiambia "nesi hujawahi kutukanwa ndiyo maana unatetea", nimetukanwa. Kutukanwa kunauma na sitaki kazini kwangu mtu aachwe tu. Lakini mtu wa pili kunyimwa supu ndiyo haki yangu?

SEHEMU YA 6

Watu wa sheria wanisahihishe kama nimepotoka. Mahakama haikufungiwa kwenye njia mbili za "gereza au faini". Sheria inaruhusu makosa madogo ya mtu na mtu yasuluhishwe, na mahakama yenyewe ihimize usuluhishi huo. Inaruhusu kumwachia mkosaji kwa masharti: usirudie kosa kwa muda fulani, ukirudia tutakuadhibu na kwa hili la kwanza. Ipo na Sheria ya Huduma kwa Jamii ya mwaka 2002, mtu anafagia zahanati au anachimba mtaro anarudi kulala kwake. Kwetu wodini tungemshukuru huyo mfagiaji!

Zana zote hizo zimo kwenye begi. Kinachotoka kila siku ni nyundo.

Na msifikiri hii tabia imeanza jana. Kwenye Kanuni ya Adhabu hiyo hiyo kuna vifungu vya 176 na 177, vya "wazembe na wazururaji". Shina lake ni sheria ya Uingereza ya mwaka 1824, iliyotungwa kuwafagia maskini barabarani kwao. Mkoloni akaja nayo, akaondoka, akatuachia. Wazazi wetu watakumbuka Nguvu Kazi ya mwaka 1983, watu wanakamatwa Dar es Salaam kwa kutoweza kuonyesha kazi, wanapakiwa kwenye malori kurudishwa vijijini. Na Juni 2024 tulishuhudia wote kamatakamata ya usiku kule Ubungo, wanawake wanapigwa picha wameficha nyuso kwa mikono, mitandao inacheka. Nyie mliocheka, binti yako akitoka zamu ya usiku hotelini saa nane, kwenye paji la uso wake imeandikwa anatoka kazini?

Hapa hapa Arusha iko Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Tarehe 4 Desemba 2020 ilitoa maoni kwamba sheria hizi za uzururaji zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika, na mkataba wa haki za mtoto, na ule wa haki za wanawake wa Maputo, na nchi zinatakiwa zizirekebishe au zizifute. Malawi Mahakama Kuu yao ilishafuta kipande cha sheria kama hiyo mwaka 2017. Uganda Mahakama ya Katiba ikafuata mwaka 2022. Sisi ndio tuliomkaribisha huyo mwalimu nyumbani, tumempa na chumba, halafu darasani kwake hatuingii.

Nakubali, uzururaji na matusi ni vifungu viwili tofauti. Tusi lina aliyetukanwa, uzururaji hauna hata mlalamikaji. Ila anayeishia benchi ni yule yule: mama lishe, dereva wa bodaboda, dada wa kazi, kijana aliyekaa kijiweni. Mke wa meneja akimtukana dereva wake nani anaita askari? Matusi ya kwenye kuta za vioo hayavunji amani, eti.

SEHEMU YA 7

Mmejaza inboksi: "Nesi, mimi ikinikuta nifanye nini?" Mimi si wakili. Nawaambia nilichojifunza kwa kuhangaika na Mama Neema.

Kama unanyonyesha, LISEME mara ya kwanza tu unapokamatwa, kwa sauti, na uombe liandikwe. Chukua kadi ya kliniki ya mtoto. Kadi ile ina tarehe ya kuzaliwa, haibishaniwi. Ndugu aliyebaki nje aende nayo kituoni kwa mkuu wa kituo mwenyewe, asiishie kwa wa mapokezi.

Wadhamini waandae kabla ya shida, kama unavyoandaa begi la kujifungulia. Mjue ni nani mwenye kitambulisho cha NIDA, nani barua ya serikali ya mtaa ataipata haraka. Mama Neema alikuwa na ndugu wanne mtaa ule, hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitambulisho mkononi. Na hapa mahakama nayo niilaumu: mtu mwenye kibanda cha chapati miaka tisa sehemu moja, mwenyekiti wa mtaa anamjua, watoto wanasoma shule ya jirani, atatorokea wapi kwa kesi ya tusi? Kwa nini asijidhamini mwenyewe?

Ukisomewa mashtaka, usikubali "ili yaishe". Hili limewamaliza wengi. Kuna mtu atakunong'oneza kwenye korido: kubali tu, utapigwa faini kidogo uende kunyonyesha. Ukishakubali umetiwa hatiani kwa mdomo wako. Rufaa kwenda Mahakama ya Wilaya ipo, siku 30, lakini aliyekiri anaweza kulalamikia adhabu tu, hatia haiguswi tena. Halafu baadaye unaomba hati ya polisi ya tabia njema, labda umepata kazi Oman au hata ya kufanya usafi ofisini, ndipo unakutana na Ijumaa yako. Kama hukusema, sema hukusema. Kama ulisema ukiwa umechokozwa, eleza hivyo hivyo. Na shahidi akija, muulize ni maneno gani hasa aliyoyasikia. Kesi inaendeshwa kwa Kiswahili, lugha yako, usiogope.

Tafuta msaada wa kisheria. Kuna sheria yake tangu 2017, kuna wasaidizi wa kisheria kwenye wilaya nyingi, kuna TAWLA, na ile kampeni ya Mama Samia iliyoanza 2023 inapita mikoani. Ni bure. Ofisi ya ustawi wa jamii wilayani nayo iende ikagongwe mlango, suala la mtoto ni lao.

Na wewe ambaye ndiye umetukanwa, unayesoma hapa na RB iko kwenye pochi (mpo, nawajua), kabla hujaenda Ijumaa, muulize mwenyekiti wa mtaa awakalishe. Ukiona ni lazima polisi kwa sababu anakutishia maisha au amekupiga, nenda na usirudi nyuma, hilo ni jambo lingine kabisa na mimi mwenyewe nitakusindikiza. Mwanamke anayepigwa nyumbani asinisome vibaya hapa, akaambiwa akasuluhishwe.

SEHEMU YA 8

Mmeniuliza jirani yake yuko wapi. Yupo. Jumatano kaja wodini, kasimama mlangoni na chungwa mbili kwenye mfuko wa rambo, hajui aingie au arudi. Nikamwambia ingia, saa ya kuona wagonjwa bado. Akakaa pembeni ya kitanda. Hawakuongea kitu cha maana, waliongelea mgao wa maji. Kisha akasema yeye alidhani wataenda kumwonya tu, hakujua watamlaza. Mama Neema akamjibu, "Na mimi lile neno nililisema." Mimi nikajifanya naandika faili.

Kesi bado ipo. Tarehe ni Jumanne ijayo, saa tatu asubuhi. Wote wawili wamekubaliana kuomba iondolewe, sasa inategemea hakimu. Nina zamu ya usiku Jumatatu, nitatoka saa moja na nusu, nitapita pale na sare yangu nikae kwenye benchi. Mtoto ataingia naye mahakamani mgongoni, na akilia atanyonyeshwa pale pale, nimeshamwambia.

Nitawapa majibu Jumanne jioni. Somo la uji wa lishe ni Alhamisi.